Siku Niliyoikata Mizizi ya Mvanila wa Bi Zuwena

Kuna watu wa majumba ya Michenzani ambao mpaka leo wakiniona napita huinua mikono na kujifanya wanajikuna shingo kwa nguvu, na mgeni anaweza kudhani wana upele, kumbe wananikumbusha mimi, nami huinamisha kichwa nikapanda ngazi kimya kimya, maana walichokiona walikiona, na kanzu niliyoivaa siku ile haikuwa hata yangu. Naona haya kuisimulia habari hii. Lakini nyinyi mshaisikia kwa watu wengine na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (juzi kuna mtu kanambia eti nilining'inia nje kwa mguu mmoja), kwa hivyo bora muisikie kwa mwenyewe.

Nawaambia mapema kwamba chanzo chake ni wivu.

Mimi mnanijua. Skuli niliiacha mapema, si kwa kuwa sikupenda kujua mambo, bali kwa kuwa kila nikiuliza nilijibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani, na tokea hapo nimefunga nyaya za umeme Ng'ambo, nimekaanga chipsi Darajani, nimepaka rangi misikiti miwili, nimelinda jengo ambalo halikuwa na mlango, na kila kazi nakaa mpaka nijue inavyokwenda, nikishajua naona uvivu naondoka. Tabia hiyo haikuwa ikiniumiza mpaka nilipompenda Rukia, anayeshona nguo za maharusi, binti wa Bi Zuwena wa ghorofa ya tatu, yule mama anayepika keki na visheti vya harusi. Bi Zuwena hakunifukuza. Alinikalisha, akanipa chai, akanambia, "Machano, wewe una adabu, lakini mwanangu simpi mtu anayebadilisha kazi kama anavyobadilisha shati. Nionyeshe jambo moja tu ulilolianza ukalifikisha mwisho, halafu walete wazee wako."

Basi nikawa natafuta hilo jambo moja, nalitafuta huku na huku, na hapo ndipo alipotokea Idrisa.

Idrisa kasoma kilimo chuoni. Ana cheti chenye muhuri, ana Vespa ya kijani, ana viatu vya ngozi ambavyo akifika mlangoni huvivua na kuvipanga sambamba kama vimesimama safu ya sala, vikakaa pembeni ya malapa yangu yenye kamba moja nyeusi na moja ya buluu. Aliitwa kwa sababu ya mvanila. Mti huo uko roshani kwa Bi Zuwena, na marehemu mumewe ndiye aliyeuleta kutoka Mangapwani, ukiwa kipande cha shina tu, urefu wa mkono, akakichomeka ndani ya pipa lililokatwa nusu, akakisimamishia nguzo, na kila asubuhi akikitia maji kwa bilauri yake ya chai, pole pole, kama anayemnywesha mgonjwa. Kipande kikatambaa, kikafika juu ya nguzo, kikateremka na kupanda tena, lakini yule mzee alifariki hajaliona hata ua moja. Mwaka huu ndiyo kwanza ukatoa vishada viwili vya vitumba, na Bi Zuwena alivitazama siku ya kwanza akaingia ndani akafunga mlango, na Rukia akanambia kwamba mama yake alikuwa analia.

Alkhamisi baada ya alasiri nikaenda kuwatazama, nikamkuta Idrisa kaniwahi. Rukia alikuwa kalishika jani, Idrisa kaliinamia na kioo chake cha kukuzia, na vichwa vyao vilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuvifunika kwa kofia moja. (Sisemi vilifunikwa. Nasema ungeweza.)

"Jani hili nene ndilo jiko," Idrisa alikuwa anasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi. "Linapika chakula kwa jua. Shina linapandisha maji na kuteremsha chakula. Na ua, Bi Zuwena, ua hili lina mume na mke ndani ya chumba kimoja, lakini baina yao pana pazia. Huko mbali ulikotoka mti huu wako wadudu wanaolifunua. Hapa kwetu hawapo. Lazima mtu alifunue kwa mkono, asubuhi ile ile linapochanua, maana ikifika adhuhuri lishanyauka."

"Yaani linataka kuozeshwa," akasema Bi Zuwena.

"Naam, Bi. Linataka kuozeshwa, na la kwanza litachanua kesho."

Rukia akacheka, akamwambia, "Wewe Idrisa kila kitu unakijua."

Sasa jamani, maneno hayo yalikuwa yangu. Rukia alikuwa akiniambia mimi, neno kwa neno, nilipomweleza kwa nini barafu inaelea, na kwa nini popo hawagongi ukuta, na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani na maneno hayo nikiyatafuna njia nzima kama ubani, na leo anampa mtu mwingine mbele ya macho yangu, mtu mwenye cheti. Nilihisi kitu kimepanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na mdomo wangu ukafunguka bila ya kuniomba ruhusa.

"Mimi nshaozesha vanila," nikasema.

Wote wakanigeukia. "Wapi?" akauliza Rukia.

"Mangapwani. Nyingi tu. Nlikuwa nafanya kazi shamba kule."

Shambani nilikuwa kweli. Nilikaa wiki tatu, nikiwabebea wageni makapu ya viungo, na asubuhi moja bibi mmoja wa pale aliwaonyesha namna ya kuozesha vanila, mimi nikiwa nyuma ya mgeni mrefu mwenye mgongo kama mlango wa jumba la Mji Mkongwe, kwa hivyo nilichokiona hasa ni kiwiko cha yule bibi kikitikisika mara moja.

Idrisa akatabasamu. "Alhamdulillahi. Mimi mikono yangu hutetemeka. Basi kesho utatuozeshea wewe, mimi ntatazama tu." Na alisema kweli, hakunibeza hata kidogo, na hilo ndilo lililozidi kunichoma, maana mtu ukimwonea wivu unataka angalau awe mbaya.

Bi Zuwena akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazamia. "Machano, kumbe unalo jambo lako," akasema, nami nikauona mlango wa posa unafunguka.

Ningeondoka hapo hapo mambo yasingekuwa makubwa. Lakini mtu wa chini akapiga kelele kwamba Vespa imeziba njia, Idrisa akateremka kuisogeza, na Bi Zuwena akanionyesha nyuzi zilizotoka kwenye vifundo vya shina, nyeupe zenye ukijani, nono kama tambi, kila moja imejibandika kwenye nguzo. Akaniuliza, "Na hizi, mwanangu, ni nini? Zinaongezeka kila siku."

Nikaziangalia. Sikuwahi kuzijua. Lakini maadamu nilishakuwa bingwa, nikafikiri haraka ni kitu gani kinachofanana na uzi na kinachokaa juu ya mti, nikakumbuka mlangamia, ule mnaoujua nyote, usiokuwa na majani wala mizizi ardhini, unaotambaa juu ya miti ya wenzake na kuinyonya mpaka inyong'onyee.

"Mlangamia huo," nikasema.

"Unaninyonyea mti wangu?"

"Unaunyonya, Bi. Dawa yake ni kuukata."

Rukia akasita. "Tusimngoje Idrisa tukamuuliza?" Na kwa kweli asingelitaja jina hilo huenda mimi mwenyewe ningesita, lakini alipolitaja tu nikanyoosha mkono nikamwambia nipe mkasi, akanipa mkasi wake wa kushonea, nami nikaanza chini nikapanda juu, kwach, kwach, nyuzi zote, sikubakisha hata moja, nikazikusanya nikazitia ndani ya mfuko wa taka. Kilichobaki kuushika mti ni ukanda mmoja wa kanga kuukuu ambao marehemu aliufunga juu kabisa ya nguzo. Bi Zuwena akarudi nyuma akautazama. "Umetakata," akasema. "Kama mtoto aliyetoka kunyolewa." Idrisa aliporudi alisimama mlangoni akaaga tu, hata viatu hakuvivua.

Ijumaa asubuhi nikaazima kanzu ya ami yangu, nyeupe pe, nikachuma mwiba wa mdimu uwe kama sindano ya kazi, nikapanda ngazi za Michenzani nikijiona kadhi anayekwenda kufungisha ndoa. Nikakuta Bi Zuwena kawaita majirani. Roshani imejaa, akina mama wamekaa mpaka ndani, pana kahawa, pana visheti, na mbele kabisa kakaa Bi Kidawa, jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye ukikohoa asubuhi yeye jioni huwaambia watu umelazwa. Na ua limechanua. La kijani hafifu lenye umanjano, laini, limefungua mdomo kama linataka kusema.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, Bwana Kadhi," akajibu Bi Kidawa. "Mahari ishatolewa?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Idrisa akaingia wakati huo huo, na Rukia akainuka kumpa kiti chake na kikombe cha kahawa, akampa kwa mikono miwili. (Mimi nilipoingia nilinyooshewa kwa mkono mmoja. Mambo haya mtu mwenye wivu huyahesabu.) Basi nikakohoa, nikaanza kuhutubia. Nikawaambia hili ndilo jiko, hili ndilo bomba la maji, humu ndani wamo mume na mke, yaani maneno ya Idrisa ya jana nikamsomea mwenyewe, naye akawa anatikisa kichwa kunikubalia, Mungu ampe kheri.

Halafu nikaingiza mwiba. Ndani ya ua mlikuwa na kitu kama kijiti, juu yake kofia ndogo, chini yake kijiulimi, na lipi lilikuwa pazia na yupi alikuwa bwana harusi, mimi sikujua. Nikakivuta kijiulimi kikakatika. Nikakwangua kofia, ukanata kidoleni unga wa njano kama nta, nami nikaupaka palipokuwa karibu, nikafunga ua kwa vidole viwili na kusema, "Tayari, mabibi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikamtazama Idrisa. Alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe chake kama mtu aliyeona mwenzake kavaa kanzu ndani nje.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Si kitu," akasema pole pole. "Vitumba vingine viko vingi. Kesho tutafanya pamoja."

Tutafanya pamoja. Yaani kanisamehe mbele za watu, na Rukia kayasikia, nikaona uso wake umebadilika. Sikuweza kuvumilia. Juu kabisa, karibu na ukanda wa kanga, pale kishada cha pili kilipo, niliona kitumba kilichoanza kupasuka, nikasema huyu naye keshaiva, ntamuozesha sasa hivi, nikavuta mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa hapo pembeni, nikapanda juu ya ubao wake, na ubao wa mbuzi mnaujua, umetengenezwa kwa ajili ya makalio ya mtu aliyetulia, haukutengenezwa kwa ajili ya miguu ya mtu mwenye hasira.

Ukacheza. Nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mvanila.

Ukanda wa kanga ukakatika, na mti mzima, ambao jana tu ulikuwa umeikumbatia nguzo kwa vidole mia, ukateleza kama kamba ya kisima, mkunjo baada ya mkunjo, ukavuka ukingo wa roshani ukateremka nje. Mimi nikalidaka shina kwa mikono miwili, tumbo langu limelalia ukingo, na chini yangu mti unaning'inia, wa kijani, mnene, unapinda pinda mbele ya dirisha la ghorofa ya pili.

"Usiachie, Machano," nikamsikia Bi Zuwena nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba.

Sikuachia. Lakini shina lilikuwa limepasuka mikononi mwangu na majimaji yake yananitiririka viganjani, yakaingia ndani ya mikono ya kanzu mpaka kwenye makwapa, na mimi nilikuwa sijui (nani angenambia, kiwiko cha yule bibi?) kwamba utomvu wa mvanila unawasha. Ulianza kama siafu mmoja. Ukawa jeshi. Nikiukuna mkono nitauachia mti, nisipoukuna nitakufa, kwa hivyo nikawa najikuna shingo kwa bega, bega kwa kidevu, tumbo kwa ukingo wa roshani, nacheza pale juu kama mwenye pepo, na chini watu washajaa.

"Kuna joka Michenzani," akasema mmoja.

"Si joka," mwengine akamjibu. "Ni mchumba wa Rukia."

"Yupi? Anayening'inia au anayetikisika?"

Nyuma yangu Bi Kidawa akasema taratibu, kwa wote wasikie, "Leo nimeona. Kadhi kaja kuozesha, kaachisha."

Idrisa alikuwa keshafika pembeni yangu, ananyoosha mkono aushike mti chini yangu, na kama ningemsogelea kidogo tu angeushika. Sikusogea. Nakwambieni kweli, hata katika hali ile, na mwili wote unawaka moto, nilikuwa nawaza kwamba akiuokoa yeye nimekwisha. Nikavuta peke yangu, kwa nguvu, na shina likakatika. Kipande kirefu kikaenda na vishada vyote viwili, kikapitia kwenye kamba ya nguo ya ghorofa ya pili, kikachukua shuka na mito ya watu, kikatua uwanjani, na wale waliokuwa chini wakakimbia kwanza kabla ya kucheka.

Idrisa akakiinua kipande kilichobaki kwenye pipa. Akapitisha kidole juu ya vifundo, kimoja kimoja. "Nani kakata mizizi?" akauliza.

"Mizizi ya wapi?" nikasema, huku najikuna. "Mizizi si imo ndani ya udongo?"

"Ya udongoni inakunywa. Hii ya juu inashika. Mti huu hauwezi kusimama wenyewe, unapanda kwa hii." Akatazama tena vikonyo. "Yote imekatwa."

"Labda panya," nikasema.

"Panya ana mkasi?" akauliza Rukia.

Hilo ndilo lililoniua. Watu wazima wanaweza kukucheka ukaishi, lakini Rukia hakucheka. Bi Zuwena naye alijifunga kanga yake, akateremka ngazi zote zile na magoti yake mabovu, tukamwona kule chini kainama katikati ya umati, anaokota vitumba kimoja kimoja na kuvitia kwenye upindo wa kanga. Watu wa chini wakaacha kucheka.

Rukia alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilimwambia la moyoni, kwamba nilidhani Idrisa anamtaka yeye, na yeye anamtaka Idrisa.

"Idrisa anaoa mwezi ujao, Chake Chake," akanambia. "Nlimwita mimi. Anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye kitalu chake, nkamwambia nnaye mtu anapenda kujua kila kitu, njoo umwone. Alikuja kukuona wewe."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikajikuna.

Nilipopanda tena kuomba radhi, Bi Zuwena alikuwa kakaa mbele ya pipa na Idrisa keshaukata mti ulioanguka vipande vipande, kila kimoja na vifundo vyake, kavipanga kivulini vikauke vidonda. Akasema vikichomekwa vitatoa mizizi mipya, lakini kuliona ua itachukua miaka mitatu, pengine zaidi. Nikapiga magoti, nikasema, "Bi, nisamehe. Mimi ndiye niliyekata. Na Mangapwani nilibeba makapu tu."

Bi Zuwena akaninyooshea bilauri ya chai ya mumewe. "Marehemu alikuwa akiutia maji kila siku," akasema. "Sasa utautia wewe. Siku utakapotoa ua, walete wazee wako. Kabla ya siku hiyo nisimwone mtu na kilemba hapa mlangoni."

Miaka mitatu. Bi Kidawa aliyekuwa bado mlangoni (asingeondoka hata kwa moto) akamwambia Rukia, "Mwanangu, usishone nguo ya harusi sasa, utanenepa." Rukia hakumjibu, wala hakukataa masharti ya mama yake, na mimi nimelishikilia hilo.

Huu ni mwezi wa tano. Asubuhi nakwenda Michenzani kutia maji, halafu nakwenda kitaluni kwa Idrisa, ambaye alinichukua hivyo hivyo, na kazi kwa mara ya kwanza sijaichoka, maana kila nikidhani nshajua inavyokwenda, inatoka kwingine. Mkewe ni mtu mwema sana. Nimeapa kutogusa tena mti wa mtu kwa sababu ya kumwonea mtu kijicho, na kiapo hicho nakishika, ingawa kijicho chenyewe sijaapa, maana najijua.

Kwani wiki iliyopita kipande kimoja kilitoa jani jipya, lina alama za manjano, na Rukia akaniita, "Machano, njoo utazame, haya madoa ni ya nini?"

Nikainama. Nikayatazama sana. Majibu matatu yalinijia, yote mazuri, yote ya uongo, nikayameza moja baada ya jengine.

"Sijui," nikamwambia. "Mpigie Idrisa."

Akanitazama, akatabasamu, akatoa simu. Na Idrisa alipopokea, Rukia akacheka naye, na mimi nilikuwa nimesimama pale na bilauri mkononi, kijicho kinapanda kutoka tumboni mpaka masikioni kama kawaida yake, natia maji, pole pole.